Vichupa Kumi na Viwili na Kopo la Maziwa

Nilimshuku tangu aliposimama langoni. Ilikuwa siku ya pili baada ya kumzika mama, hema la kukodi lilikuwa bado halijang'olewa, na wageni waliobaki walikuwa wamekaa makundi makundi wakinywa chai. Mzee huyu alikuwa mrefu, amevaa koti la suti na gambuti, na mkononi alishika mtungi wa plastiki wa lita tano, mtupu. Nikajiuliza ni mtu gani anayekuja matangani na mtungi mtupu kama si mtu aliyezoea kujaziwa. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa upande mmoja jinsi alivyokuwa akifanya alipokagua makali ya wembe, nikamjua. Alikuwa Okeyo. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu barua yangu imtoe kazini, na sasa alikuwa langoni kwetu, karibu na Kaplong, akimwuliza mpwa wangu Cherono kama hapa ndipo nyumbani kwa marehemu.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nilivyolelewa. Hayo kila mtu anayo. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka niliorudi kutoka ng'ambo, kwa sababu ndio mwaka ulionifanya niwe nilivyo. Niliondoka nikiwa na diploma ya ufundi wa maabara, nikaanza huko kwa kuosha vyombo vya kioo, na miaka mitatu baadaye nilikuwa ninawafundisha wenye digrii namna ya kushika bomba la kupimia bila kutetemeka. Hakuna aliyenishika mkono. Diploma hiyo ninayo bado, imetundikwa sebuleni humu nyumbani kwetu juu ya televisheni, na kando yake imetundikwa picha ambayo wageni wote huiulizia: duara la kijani kinachong'aa kwenye giza, lenye vyumba vidogo vidogo kama sega la asali. Hicho ni kikonyo cha jani la chai, kimekatwa chembamba kuliko karatasi, na kinachong'aa ni kuta za seli zake. Hakuna mtu aliyewahi kuzionyesha kuta hizo kwa namna hiyo katika maabara yetu kabla yangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli.

Nilirudi na vichupa kumi na viwili ndani ya kisanduku cha barafu nilichokipakata njia nzima. Ndani yake mlikuwa na kingamwili. Mtu wa forodha kwenye uwanja wa ndege aliniuliza ni dawa ya ugonjwa gani, nikamwambia si dawa, ni macho. Hakuelewa, nami sikushangaa. Kingamwili ni protini ambazo mwili wa mnyama hutengeneza ili kushika kitu kigeni. Hizi zangu zilitoka kwa panya: seli moja ya panya ilikuwa imechaguliwa na kuzalishwa peke yake mpaka ikawa mamilioni ya seli za tabia moja, zote zikitoa kingamwili ya aina moja isiyoshika chochote duniani isipokuwa kitu kimoja. Ya kila kichupa ilishika pektini, ile sukari ndefu inayogandisha jemu, na ambayo kwenye mmea huunganisha seli na seli kama udongo kati ya matofali. Ukiimwaga juu ya kipande cha jani, inatafuta pektini na kuing'ang'ania. Kisha unaongeza rangi inayoing'ang'ania hiyo kingamwili, unatazama kwenye hadubini yenye taa maalumu, na pektini yote inawaka kijani. Mwajiri wangu mpya, Daktari Langat, mkuu wa maabara ndogo ya chai nje kidogo ya mji wa Kericho, alitaka kujua kwa nini kuna michai ambayo mvua ya mawe huichana majani yote na mingine jirani yake inabaki imesimama. Nilimwambia jibu limo kwenye ukuta wa seli na mimi ndiye mwenye macho ya kuuona. Akanipa chumba, na muda mpaka Novemba, wageni wa bodi watakapokuja. Kama hakuna kitu kitakachowaka kufikia hapo, chumba kitarudi kwa watu wa kupima udongo nami nitafute kwingine.

Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya jiko la chai. Walikuwa wamepigilia ubao wa plaiwudi katikati, upande mmoja ukawa wangu, upande wa pili ukabaki na jiko la mafuta, birika jeusi na benchi moja. Dirisha langu nililiziba kwa kitambaa cheusi cha mwavuli uliochakaa, ili hadubini ipate giza. Friji ilikuwa ya zamani, inaunguruma kama ng'ombe mwenye gesi tumboni. Juu ya rafu nilipanga chumvi zangu, slaidi zangu, na kopo la maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Maziwa hayo hayakuwa ya kunywa. Unayakoroga kwenye maji ya chumvi na kuyamwaga juu ya kipande cha jani kabla ya kingamwili, yazibe kila mahali ambapo kingamwili ingeshikamana ovyo. Halafu kingamwili yenyewe unaichanganya kwenye maziwa hayohayo. Bila maziwa, slaidi huwa chafu, inang'aa mahali ambapo hapastahili. Niliandika kwenye kopo, kwa herufi kubwa, KAZI TU. Kila aliyepita akisoma alicheka. Kuishi Kericho katikati ya chai yote ile, na uweke maziwa kwenye rafu uwakataze watu, walisema, ni sawa na kuweka kuni jikoni na kukataza moto.

Okeyo nilimkuta hapo. Baba yake alitoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, naye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile za mstari, na bado aliishi humo na mkewe. Alikuwa amepita miaka hamsini, hakuwa na cheti hata kimoja, na cheo chake kilikuwa msaidizi wa maabara. Lakini alikuwa na mkono. Mashine ya kukatia vipande ilikuwa imeharibika kabla sijaja, kwa hiyo alikata kwa wembe. Alikibana kikonyo cha jani katikati ya vipande viwili vya karoti, akalowesha wembe, akashikilia pumzi, akakata kwa mkono wa kushoto, mara moja, kama mtu anayefuta chozi. Kipande kilielea kwenye maji, chembamba hivi kwamba ulilazimika kuinamisha macho ndipo ukione. Mimi nilijaribu wiki mbili. Vya kwangu vilitoka vinene kama kucha. "Pole pole, madam," aliniambia. "Wembe hausukumwi. Unauvuta kidogo tu, wenyewe unajua njia." Sikupenda namna alivyosema hilo neno madam. Nilisikia kicheko ndani yake. Nilijiambia mtu aliyekaa miaka yote hiyo bila kupandishwa cheo hawezi kumfurahia msichana wa miaka ishirini na minane anayekuja na kisanduku na kupewa chumba.

Aliwahi kunialika kwake mara moja. Mkewe alipika ugali na samaki mbichi wa kuchemsha, chumba kikajaa mvuke na harufu ya nyanya, kalenda tatu za miaka iliyopita ukutani. Nilisema nimekula. Sikuwa nimekula, nilikuwa tu sijui nia yao. Mke akaniangalia, akarudisha kifuniko cha sufuria. "Wasomi hushiba mapema," akasema, na Okeyo akacheka mpaka akakohoa. Nikakaa nusu saa na njaa yangu, nikinywa maji ambayo niliyaangalia kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

Kazi haikuanza mara moja. Taa ya hadubini ilikuwa imeungua na nyingine ilibidi iagizwe kutoka ng'ambo, na miezi ikapita tukiisubiri. Katika muda huo Okeyo alikata vipande, akavihifadhi kwenye pombe ndani ya vichupa vyenye majina ya michai, nami nikaenda huku na huku. Walinialika chuo kikuu, Kabianga, nikazungumze na wanafunzi, na ninakumbuka wahadhiri wawili wenye udaktari wakiandika maneno yangu kwenye daftari. Niliporudi siku iliyofuata Okeyo alinipokea mlangoni. "Mama yako alikuja jana, madam. Na shangazi. Wamekunywa chai, wameona chumba."

"Waligusa kitu?"

"Mama yako aguse nini? Alisimama tu hapo mlangoni, akasema, 'Hapa ndipo mtoto wangu anakaa?' Akafurahi sana."

Alitabasamu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nikaingia nikahesabu vichupa vyangu. Vilikuwa kumi na viwili.

Wiki moja hivi baadaye, saa nne ya chai, nilikuwa upande wangu wa ubao nikiosha slaidi. Upande wa pili walikuwa Okeyo na Kerubo, mwanamke kutoka Kisii aliyetunza stoo, mcheshi, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona inapita ukuta. Nikamsikia akisema, "Kwa hiyo sasa kimejaa tena?"

"Kimejaa."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Na wewe funga mdomo, Kerubo. Mimi nimetoa neno langu."

"Huyu dada akijua, Okeyo, atakutafuna bila chumvi."

Wakacheka. Mimi nilisimama na slaidi mkononi, maji yananidondokea viatuni. Kimejaa nini? Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye friji. Nilifikiri mtu amemwaga kingamwili zangu, au amezitoa kidogo akauza kwa watu wa chuo, kisha akajaza maji. Siku hiyohiyo nilichora mstari kwa kalamu kwenye kila kichupa, palipofika maji. Nikang'oa unywele mmoja kichwani na kuubandika kwa mate kwenye mlango wa friji. Nikaacha kunywa chai yao. Nikawa nakuja na chupa yangu ya chai na kimyet yangu, ugali wa wimbi, kwenye bakuli, nakula nimeegemea mlango. Asubuhi unywele ulikuwa palepale. Hilo halikunituliza. Nilisema huyu ni mjanja, anaurudisha.

Taa ilifika Septemba. Niliifunga mwenyewe, nikatayarisha slaidi ya kwanza jinsi nilivyofundishwa, nikazima taa ya chumba, nikaweka jicho. Giza. Nikaongeza kingamwili. Giza. Nikajaribu mchai mwingine, kikonyo kingine, kichupa cha pili, cha tatu. Kulikuwa na weusi mtupu, kama kutazama ndani ya kisima. Daktari Langat alikuja, akainama, akainuka, akapangusa miwani. "Hivi vitu vilifika vikiwa vizima kutoka huko?" aliniuliza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko matusi. Okeyo alisimama nyuma yake na kisahani cha vipande vipya. "Labda ni mkato wangu, Daktari. Nikate vyembamba zaidi?" Mtu mwingine angesikia mtu anayejitolea kubeba lawama. Mimi nilisikia mtu anayejua tatizo liko wapi na anatuelekeza mbali nalo.

Kwa wiki tano nilifanya kile ambacho fundi wa kweli hufanya: nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Nilibadilisha maji. Nilibadilisha chumvi. Nikabadilisha slaidi, rangi, saa za kusubiri. Nje mvua ya mawe ilipiga mara mbili, bati likaunguruma hata hatukusikizana, na asubuhi yake wachumaji wakapita kando ya dirisha wakilalamika kwamba majani yamekuwa kama nguo iliyotafunwa na ndama. Kilichobaki sikukigusa kilikuwa maziwa, kwa sababu nani anashuku maziwa? Mwishoni mwa Oktoba, nikiwa peke yangu, nilifanya slaidi moja bila maziwa kabisa. Ilikuwa chafu, kama nilivyotarajia, lakini iliwaka. Kuta zote, chumba kwa chumba, kijani juu ya weusi. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, kisha nikainuka, nikafungua lile kopo, nikachovya ncha ya kidole kwenye unga, nikaonja. Utamu. Na nyuma ya utamu, harufu ya ndizi.

Yalikuwa maziwa ya watoto wachanga, yale yenye unga wa matunda. Ndizi ina pektini. Nilikuwa nikichanganya kingamwili zangu na pektini kabla hazijafika kwenye jani, na kwa sababu zinashika pektini popote zinapoikuta, zilishiba huko huko kwenye maziwa, zikaoshwa na kumwagwa kwenye sinki. Vichupa vyangu vilikuwa vizima. Hakuna aliyevigusa. Lakini mtu alikuwa amemaliza maziwa yangu na kujaza kopo kwa maziwa mengine, na mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu: kimejaa tena, yaani kikopo, atajuaje. Nikatengeneza slaidi safi kwa unga wa kopo jipya nililonunua mjini, nikachukua kipande kimojawapo cha vile alivyovikata Okeyo, nikapiga picha. Ndiyo hiyo iliyo ukutani. Sikumwita Okeyo aje kuona. Alikuwa upande wa pili wa ubao, nikamsikia akivuta benchi. Jioni hiyo niliandika barua kwa Daktari Langat, kurasa mbili, na nilikuwa mwandishi mzuri wa barua tangu zamani.

Walimwita ofisini nami nikiwepo. Alisimama ameshika kofia.

"Ulifungua kopo la madam?" Daktari aliuliza.

"Nilifungua."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na wageni. Hakukuwa na maziwa. Ningewapa turungi, Daktari? Watu wazima, wametoka mbali, na hapa ni nyumba ya chai?"

"Wageni gani?"

Akaniangalia mimi kidogo, kisha akaangalia sakafu. "Wageni tu."

"Na ukajaza maziwa mengine."

"Lilijazwa."

"Na nani?"

"Siwezi kusema. Nilitoa neno langu."

Daktari alimwuliza mara tatu. Angesema jina moja tu, angebaki na kazi. Alijua hivyo, na nilijua kwamba anajua. Kwangu ukimya ule ulikuwa ushahidi. Niliona kwamba analinda kundi, kwamba kuna watu nyuma yake, labda hata mtu wa chuo anayetaka nishindwe. Walimwachisha kazi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, walimpa mwezi mmoja atoke kwenye nyumba aliyozaliwa.

Jumapili iliyofuata mama alikuja kwangu. Nilikuwa nimekodi vyumba viwili mjini, na alikaa kwenye ukingo wa kitanda na sotet ya mursik, kibuyu cha maziwa ya mgando, mapajani bila kuifungua, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Yule mzee Mjaluo wa kazini kwenu," alisema. "Ni kweli mmemfukuza?"

"Nani amekuambia, mama?"

"Nimesikia. Si msamehe tu? Hakufanya kwa ubaya."

"Wewe unajuaje hakufanya kwa ubaya?" Nikasimama. "Amekufikia mpaka wewe? Amekuja nyumbani kukulilia? Unaona sasa! Mtu asiye na hatia anamtafuta mama yangu kwa sababu gani?"

"Hajanitafuta. Mwanangu, ngoja nikuambie hayo mambo yalivyo—"

"Mama, mambo ya maabara huyajui. Tafadhali. Hii ni kazi ya watu waliosoma."

Akaifungua ile sotet, akanimiminia, akanitazama nikinywa mpaka mwisho, na akaondoka na gari la mchana. Novemba wageni wa bodi walikuja, wakapanga foleni kutazama kwenye hadubini yangu, na mmoja wao, mwenye tai nyekundu, akaniuliza ni mashine gani inayokata vipande vizuri hivi. Nikasema ni mkono. Akasema, "Mkono wako?" Nami nikasema ndiyo. Lilitoka jepesi tu. Walinipa mkataba wa miaka mitano, na kutoka hapo sikushuka tena.

Haya yote yalipita kichwani mwangu mzee yule akipita katikati ya viti. Cherono, ambaye anasoma baiolojia pale Kabianga, alikuwa amemshika mkono amkalishe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Nilidhani amekuja kudai kitu, kwamba amesikia mama amekufa na ameona hii ndiyo nafasi, mbele za watu, nisipoweza kumjibu. Lakini kabla sijamfikia, shangazi Taplelei, aliyekuwa hajainuka kitini tangu asubuhi, aliinuka.

"Chamge, mzee wa maziwa!" akasema kwa sauti. "Umefika! Nilijua utafika."

"Mnajuana?" nikauliza.

"Tusijuane vipi? Si ndiye alitupikia chai siku ile tulikuja kazini kwako, na wewe ulikuwa umeenda kusomesha watu? Tulikunywa mpaka maziwa yako yakaisha. Mama yako akaona lile kopo, akauliza, akaambiwa ni ya kazi ya mtoto wako. Akashtuka! Akamwambia huyu mzee, 'Usimwambie hata kidogo, huyo mtoto akikasirika hasahau, mimi nitajaza.' Akanunua hapa Kaplong, dukani, maziwa ya bei kabisa, akamtumia mzee ajaze. Akakataa yale ya kawaida. Akasema ya mtoto wake iwe ile ya watoto."

Nilimtazama Okeyo, naye alikuwa akitazama mtungi wake.

"Ungesema," nikamwambia. "Pale ofisini, ungesema tu ni mama yangu."

"Nilikuwa nimemwahidi," akajibu. "Halafu wewe ulikuwa umeandika barua. Ningesema, ungeifanyia nini barua yako? Ungemfukuza mama?"

Mtungi huo niliutambua wakati huo. Kila mwezi, kwa miaka yote, mama alikuwa akinisumbua kuhusu lita tano za maziwa za kupeleka Fort Ternan, kwa mtu fulani. Gari lolote lililokwenda upande huo lilibebeshwa. Nilishuku mchungaji tapeli. Mara moja nilimwambia kaka yangu achunguze, akarudi akasema ni mzee mmoja ana shamba dogo la miwa na hana ng'ombe, nami nikasema hao ndio wajanja zaidi. Nilitaka kuukomesha mchezo huo, na mama, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, alisema neno moja tu: "Hilo utaniachia." Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

"Nimerudisha mtungi wake," Okeyo akasema. "Ulikuwa wa mwisho. Haikufaa nibaki nao."

Akaomba jambo moja. Alisema amesikia kwa Kerubo, ambaye bado wanapigiana simu, kwamba nina picha. Kwamba mwishowe iliwaka. Alikata vipande miezi mingapi, akasema, na hajawahi kuona hata kimoja kikiwaka. Tukaingia sebuleni, yeye, mimi, Cherono na shangazi. Alisimama chini ya picha na kofia mkononi, akainamisha kichwa upande, akatazama muda mrefu hivi kwamba Cherono akadhani haelewi anachokiona.

"Hizo ni kuta za seli, babu," Cherono akasema. "Hiyo kijani ni pektini. Senge, shangazi yangu huyu, ndiye alifanya. Hata kukata alikata mwenyewe, kwa mkono. Kwa wembe tu!"

"Kwa mkono," Okeyo akasema. Akainua kidole, akakipitisha kwenye ukingo wa lile duara bila kugusa kioo. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kidogo, na upande wa kulia ulikuwa umefifia mpaka ukawa kama pazia. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuliona hilo. "Na senge wako, binti, anatumia mkono gani?"

Cherono akanitazama. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kulia.

Ningeweza kunyamaza. Hakuwa amenishtaki, na mtoto yule hakuwa ameelewa bado. Nilijikuta hata wakati huo, Mungu anisamehe, nikijiuliza kama amepanga yote haya na shangazi. "Ni yeye alikata," nikasema. "Mimi nilishindwa. Vya kwangu vilikuwa vinene kama kucha. Alikata yeye, nikamfukuza, nikasema ni mimi." Shangazi akakaa. Cherono aliangalia picha, akaangalia diploma iliyo kando yake. Okeyo hakusema ahsante wala hakusema nimekusamehe. Alisema, "Huu ni mchai wa mstari wa tatu. Ule ambao mvua ya mawe haikuuweza. Nakumbuka ulivyokuwa mgumu kwa wembe."

Nikautwaa ule mtungi, nikaenda zizini mwenyewe na nguo zangu za matanga. Nilikamua ng'ombe wawili wa mama, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni, na mikono ilikuwa bado inajua. Nilipoutoa nje, gari la kumpeleka mpaka barabara ya Fort Ternan lilikuwa linasubiri na yeye ameshakaa kiti cha mbele. Nikampa mtungi kupitia dirishani. Aliufungua kifuniko. Alinusa. Akachovya ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja, taratibu, huku ananitazama usoni.

"Ni maziwa," akasema, akafunga kifuniko.